Labeka ya Kombe

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo umenilazimisha niirudie. Umekuja kifua mbele na beji yako ya ukiranja, unataka nikupongeze. Nakupongeza. Lakini kaa kwanza, chai haikimbii, na haya hata marehemu mke wangu sikumweleza.

Hiyo shule yenu ya maghorofa, mnakojaa kama siafu, ilianzia kwenye mabanda ya mabati. Wanajeshi waliyaacha hapa Changamwe vita vya pili vilipokwisha, nasi tukaingia humo na mikeka yetu na masanduku ya bati. Mabweni yalikuwa manne: Mvule, Mkoko, Mnazi na letu, Mkwaju. Mwalimu mkuu alikuwa Mzungu aliyetoka jeshini, na shule aliiendesha kama kambi. Kila bweni lilikuwa na kiranja, kila kiranja na daftari lake, na kila asubuhi tulijipanga mistari uwanjani majina yakaitwa. Bweni lisilokosa mtu muhula mzima lilipewa ngao ya mbao. Aliyeugua akalala kwa dresa, yule aliyetufunga vidonda na kutupa kwinini, alihesabiwa kuwa amekosa. Ilikuwa sheria ya kijinga, na sisi viranja tuliipenda mno.

Mimi nilikuwa kiranja wa Mkwaju. Muhula ule zilibaki siku nne tufunge, na mabweni mengine yote yalikwisha kukosa watu. Ngao niliiona yangu. Nilikwisha kuchagua hata ukuta wa kuitundika.

Bwenini mwetu alikuwamo mvulana wa Kaloleni, jina lake Kombe, mpole, mchapakazi. Jina likiitwa tuliagizwa tujibu "Nipo." Kombe alijibu "Labeka," kama alivyozoea kuwaitikia wakubwa kwao. Tulimcheka, akatabasamu, kesho yake akasema vilevile.

Jumatatu aliamka na homa, anashika kichwa. Nikamwambia, "Jikaze, Kombe. Siku nne tu, kisha ukalale kwenu." Akajikaza. Jumanne hakuweza kusimama peke yake. Nikawaweka wavulana wawili wenye miraba minne, mmoja huku mmoja huku, mstari wa katikati asikoonekana na walimu. Nikaita jina lake, akaitika. Nikaweka alama yangu kwenye daftari, roho kwatu.

Mmoja wa wale wawili, Athumani wa Likoni, alinifuata baada ya gwaride. "Wallahi kiranja, huyu si wa kusimamishwa. Shingo yake imekakamaa kama kuni. Mpeleke kwa dresa."

"Ukifungua kinywa," nikamwambia, "utaosha vyoo mpaka shule ifungwe."

Athumani akanyamaza. Mwanangu, mimi ndimi niliyemnyamazisha, na alikuwa na haki kila neno.

Jumatano nikaita tena. Kombe akaitika, sauti imetoka kwa mbali, nami sikuinua macho kutoka kwenye daftari. Nilikuwa na haraka ya jina linalofuata. Alianguka kabla hatujafika kwenye uji. Walimpakia kwenye lori la shule wampeleke hospitali, kisiwani, na saa sita mchana habari ikarudi kwamba amekufa.

Nilingoja nifukuzwe. Nilitaka kufukuzwa, Mungu ananijua. Mwalimu mkuu aliitisha daftari langu, akapitisha kidole kwenye jina la Kombe, akaona siku zote amehudhuria. Akasema basi ugonjwa ulimshika ghafla na hakuna wa kulaumiwa. Jina la marehemu likafutwa, Mkwaju likahesabiwa halijakosa mtu, na Ijumaa akanikabidhi ngao mbele ya shule nzima. Niliipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa walimu.

Baba yake alifika siku ileile kuchukua sanduku la mwanawe. Alikuwa mkulima, amevaa kanzu yake ya kanisani, vumbi limempanda hadi magotini. Aliuliza ni nani kiranja wa bweni. Nikaenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiwe uliyekuwa ukimwita jina?"

"Ndimi, baba."

"Asubuhi ile aliitika?"

"Aliitika. Alisema labeka."

Akatikisa kichwa polepole, akainua sanduku akaliweka begani. "Mimi ndimi niliyemfundisha. Tangu yu mdogo nilimwambia, mkubwa akikuita, itika, hata kama huwezi kuinuka. Nilidhani mkubwa akiitikiwa atageuka amtazame mtoto."

Hakunilaani, na laiti angenilaani. Nikamsindikiza hadi barabarani, nikamwomba nibebe sanduku, akakataa.

Sasa ninyi mna viranja wakuu, viranja wa madarasa, viranja wa chakula, na sijui madaftari mangapi. Ngao ile bado inaning'inia ukumbini, nimeiona siku ya wazazi, na jina la Mkwaju limechongwa juu yake. Jina la Kombe halipo popote.

Ninachokuomba ni hiki. Ukiita jina, inua macho umtazame anayeitika. Mwenzio akikwambia fulani anaumwa, usimtishe, mshukuru, kisha kimbia. Bweni lenu likikosa ngao kwa sababu ulimpeleka mtu hospitali, njoo kwangu, nitakuchinjia kuku. Na ukikosea nalo daftari likakutetea, usilikubali. Sema mwenyewe, siku hiyohiyo. Mimi sikusema, baba yule akaondoka na sanduku la mwanawe bila kuambiwa ukweli, na sasa hata kaburi la mzee huyo silijui.

Haya, niinamie nikushike kichwa. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usioogopa. Kila utakayemwita akuitikie akiwa mzima, arudi kwao kwa miguu yake, na mzazi wake asije kukuuliza nilichoulizwa mimi. Amina. Sasa kunywa chai yako, imeshapoa.