Soksi za Mzee Armindo

Mzee Armindo Furtado alijenga nusu ya nyumba za mtaa wetu hapa Brampton, kisha akamnunia kila aliyehamia ndani yake. Masingasinga walipohamia nyumba ya pili kutoka ile anayoishi, alilalamikia harufu ya vitunguu mwaka mzima. Yeye, Mreno ambaye mapazia yake yananuka samaki mkavu!

Mkewe Lurdes, kabla ya kufa, alimwapisha asikose misa. Basi kila Jumapili mzee alivaa koti, akaondoka, akarudi akicheua. Binti yake, Natércia, anayekaa ng'ambo ya mji, alimpigia simu.

"Umeenda misa, Baba?"

"Nimeenda, mwanangu."

Sisi Wareno wenzake hatukumwona kanisani, lakini misa ziko tatu, kila mmoja akadhani anasali ile nyingine.

Ikafika misa ya kumbukumbu ya Lurdes. Mzee alichelewa. Pale mlangoni akavua viatu, akavipanga ukutani, akatoa mfukoni kitambaa cha rangi ya chungwa, akajifunga kichwani. Akapita katikati ya kanisa kwa soksi tu, kidole gumba kikichungulia, akitafuta pa kukaa sakafuni. Niliuma glavu nisicheke kwenye misa ya marehemu.

"Baba!" Natércia alinong'ona hadi watakatifu ukutani wakasikia. "Viatu viko wapi?"

"Mlangoni."

"Na hicho kichwani?"

Mzee akajipapasa. "Mama yangu! Nimezoea."

Baada ya misa, binti alimbana kando ya mlango. Nami nikajibanza hapo hapo, nikijifanya natafuta mwavuli.

"Kumbe Jumapili zote uko hekaluni kwa Masingasinga! Na ulimwapia Mama!"

"Kule pia nasali. Kabla ya dengu wanazompakulia kila anayeingia."

"Dengu! Chakula si nakujazia kwenye friji kila mwezi?"

"Friji haijawahi kuniuliza kama nimeshiba, Natércia."

Iliniuma, maana naishi mlango wa tatu, na sikuwahi kumuuliza.

Natércia alikitazama kile kidole. Akaenda kuchukua viatu, akapiga magoti kwenye maji ya theluji, akamvisha kimoja kimoja.

"Wanapakua mpaka saa ngapi?" aliuliza, uso chini.

"Mpaka jioni," mzee akasema. "Lakini kitambaa tafuta chako."