Mlinzi Aliyeuliza Wageni ni wa Upande Gani

Asubuhi hii Rashidiya, mtaa wa Dubai, haionekani. Ukungu wa Februari umemeza minara ya misikiti, magari yanapita taratibu kama yanaota, na Zadock Chanzu, mlinzi kutoka Kenya, anafungua lango la nyumba za kupanga kwa mkono mmoja huku wa pili ukipangusa umande kwenye kioo cha kibanda chake. Siku kama hizi anazipenda. "Ni kwetu Vihiga tupu," anasema. "Ukungu ukishuka, unasahau kabisa uko Uarabuni."

Hakuja hapa kwa kupenda. Hadi mwaka jana alikaa mapokezi ya mnara mmoja kule Jumeirah Lake Towers, kwenye kiyoyozi, na mbele yake ziwa la kutengenezwa. Kazi tamu, yenye marupurupu ya dirham mia mbili ambayo sasa anayasikia kwa wenzake tu.

Huko ndiko alikojuana na Madam Shen, mama Mchina wa makamo aliyepanga chumba ghorofa ya tisa. Kila asubuhi alishuka na kikombe cha maji ya moto, akaketi karibu na meza ya mlinzi, akatazama ziwa. Mumewe, wakili, alikuwa amefungwa huko kwao kwa kuwatetea watu waliobomolewa nyumba, na kwa kusema hadharani kwamba wananchi wana haki ya kuchagua wanaowatawala. Mama naye akasema hayo hayo, kisha akakimbia. Dubai alikuwa mpita njia, akingoja nchi ya kumpokea. Akirudishwa kwao, yangemkuta yaliyomkuta mumewe.

"Alinisimulia huyo mzee wake hadi nikamzoea," anasema Zadock. "Nikawa namwona kabisa anaingia pale mlangoni na mkoba wake, ananipa salamu. Mtu ambaye sijawahi kumtia machoni."

Siku moja wakaingia wanaume wawili Wachina, suti safi, kikapu cha matunda mkononi. Wakasema ni binamu za Madam Shen, wanataka kumshtukiza, kwa hiyo asipige simu juu. Zadock akafurahi kwa dhati. Kumbe mama wa watu ana ndugu! Akachukua kadi ya lifti.

Lakini Zadock ni Mmaragoli, na Mmaragoli haridhiki na neno binamu. Kwao mgeni akibisha, kabla hajawekewa chai ataulizwa ni mtoto wa nani, wa tumbo gani. Zadock akauliza bila hila yoyote, kunogesha maongezi tu: "Binamu wa kwa mama au wa kwa baba?"

"Wa kwa baba," akasema mmoja. "Wa kwa mama," akasema mwenzake, kwa pamoja.

Zadock akairudisha kadi mezani. "Madam ametoka," akawaambia. Naye mama alikuwa juu chumbani. "Nimelelewa kanisa la Marafiki, wale Quaker, uongo kwetu ni mwiko. Ule ulinitoka mzima mzima, na sijautubu hadi leo."

Walipoondoka akapanda kumwambia. Mama akaketi kitandani, akamshika mkono.

Kesho yake msimamizi akamwita: wageni wamelalamika kuwa aliwajibu vibaya. Angeweza kujitetea, ila angelazimika kueleza, na jengo zima lingejua mama huyo anamkimbia nani. Akanyamaza. "Bosi akasema khalas, yamekwisha, unaenda Rashidiya. Nikabeba begi. Iliniuma, siwezi kukuficha." Wiki ile ile Madam Shen akahamia kwa rafiki, na baadaye nchi moja ikampokea. Wale wanaume walitumwa na nani, Zadock hajui.

Mwezi uliopita alipata ujumbe kwenye simu. Mume bado yuko ndani. Mama ni mzima, na ameshuhudia uchaguzi katika mtaa wake mpya. Yeye bado haruhusiwi kupiga kura, basi alisimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, akiwatazama watu kwenye foleni hadi kituo kilipofungwa. Akamwuliza Zadock: wewe kwenu ulisimama hivyo? Ulijisikiaje?

Zadock hajajibu. Kwenye uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2013 alifika kituoni, akaona foleni imeizunguka shule, akarudi nyumbani kulala.

Sasa ameomba likizo ya Agosti, mwezi wa uchaguzi kwao. Shafik, Mganda wa zamu yake, hana mbavu kwa kicheko. "Wenzako huenda nyumbani kuoa, wewe unaenda kupanga laini?"

"Wacha acheke," anasema Zadock. "Hiyo laini hata ikichukua siku nzima, nitasimama. Nikitoka pale ndio nitamjibu yule mama."