Wimbo wa Sita Siku ya Ndoa ya Neema

Habari hii sipendi kuieleza, lakini kwa kuwa mji mzima wa Baraka unaieleza vibaya, afadhali mnisikie mwenyewe: ndiyo, ni mimi niliyetoka mbio kanisani nimekumbatia bafle, spika yangu kubwa, inayonguruma ngoma, wakati bibi arusi anaingia, na bibi arusi huyo ni mdogo wangu, tumbo moja.

Yote ni kwa sababu ya albamu. Ninayo moja, nyimbo tisa, muziki wa dansi wa mashine tupu, hakuna anayeimba hata neno. Niliipata kwenye kadi ya memori nikijifunza ufundi wa redio kule Uvira, na siku niliyorudi nyumbani lori letu likazama matopeni karibu na Lusenda, tukakaa pale siku mbili, watu wanagombana, ndizi zinaoza, mimi nimeziba masikio kwa visikizio nasikiliza zile nyimbo tisa mpaka moto wa simu ukaisha, nikamsumbua dereva anichajie. Tangu hapo kila wimbo una kipande chake cha barabara kichwani mwangu. Wa sita ndio wenyewe. Unaanza kama matone ya kwanza juu ya mabati, kinanda kinaingia chini kwa chini, unangoja, unangoja, dakika tatu nzima, halafu ngoma zinashuka zote kwa pamoja na kifua kinafunguka. Nimewapigia wateja wa duka langu la kutengeneza redio miaka yote (mmoja aliniambia inafanana na friji inayokata roho) mpaka nikachoka kuwaeleza.

Basi Neema akapata mchumba, mtu wa Lubondja, familia ya watu wa sala kweli kweli. Vyombo vya muziki vya kanisa vilikuwa vimeungua, wakaomba bafle yangu. Neema alikuja mwenyewe dukani. Mama yetu, aliyefariki mwaka juzi, ndiye aliyekuwa anaongoza kwaya ya wamama, na kuna wimbo wao mmoja niliurekodi kwa simu angali hai.

"Yaya," akaniambia (ndivyo anavyoniita, mimi kaka yake mkubwa), "utie ile nyimbo ya mama. Ndiyo mi naingia nayo. Usitie kitu ingine."

Nikamjibu ndiyo, na kweli nilikuwa na nia hiyo. Lakini asubuhi ya ndoa nikausikiliza ule wa mama, sauti inakwaruza, kuku wanalia nyuma, nikasema hii ni aibu mbele ya wageni (uongo, nilikuwa natafuta sababu), bora niweke mwanzo wa wimbo wa sita, ule utulivu wake, kwa mara moja watu wasikie kitu kizuri, halafu wa mama tutaupiga wakati wa picha. Hata nilipima. Nilitembea kutoka mlangoni mpaka mbele naangalia saa, dakika mbili. Ila nilitembea kama mtu anayewahi soko, nikasahau kwamba bibi arusi wa kwetu anaweka mguu, anasimama, anayumba kidogo, ndipo anaweka mwingine.

Dakika ya tatu Neema, ameshikwa mkono na baba mdogo wetu, alikuwa hajafika hata katikati.

Na hapa lazima niiseme ile bafle, maana mganga hajigangi. Swichi yake ilikufa zamani, nikaunganisha betri moja kwa moja, kuizima mpaka ufungue skrubu nne. Kitufe cha sauti kilidondoka, nilikuwa nakizungusha kwa koleo, na koleo niliiacha dukani. Kadi ilikuwa imezama ndani, kidole hakifiki. Dukani hayo yote hayakunisumbua, kwani nani aliwahi kutaka kuizima?

Ngoma zikashuka.

Wale watoto wa maua waliokuwa mbele ya bibi arusi wakaanza kuruka (wao ndio peke yao walioelewa). Shangazi wa bwana arusi akafumba macho akaanza kuomba kwa sauti. Nikabonyeza kitufe pekee kilichokuwa kizima, nacho ni cha kwenda wimbo unaofuata, na wa saba hauna utulivu hata wa sekunde moja. Pasta akaniinamia na mikro mkononi, kwa hiyo kanisa zima likasikia.

"Ndugu, toa hiyo kitu humu."

Nikatii kama nilivyoambiwa, nikaibeba. Mikro ilikuwa imeunganishwa kwa waya humo humo, ikamchomoka pasta mkononi, ikanifuata chini ikigonga kila benchi kwa kishindo. Mlango uliokuwa wazi ni mmoja, ule ulio nyuma ya Neema. Nikapita pembeni yake nimeinamisha kichwa, nikakanyaga shela, ikabaki kwenye kiatu changu. Nilimwona uso. Hakuwa na hasira, alikuwa ananitazama tu kama mtu anayetafuta jina langu.

Nje nilikaa chini nikifungua skrubu kwa ufunguo wa nyumba, vijana wa pikipiki wamenizunguka wanacheza, mmoja ananiuliza, "Iyi nyimbo inaitwaka je? Unitumie." Nilipochomoa waya wa mwisho ndipo nikasikia ndani. Wamama wa kwaya walikuwa wameanza ule wimbo wa mama kwa midomo yao, bila chombo chochote, na Neema, niliambiwa baadaye, alikuwa ameanza kuingia upya. Umati ulikuwa umejaa mlangoni. Sikumwona.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwomba msamaha. Alinipa chai, akasema, "Mi nilitaka mama aniingize mu kanisa, yaya. Ni ile tu." Afadhali angenifokea.

Siku hizi wakiniita kwenye sherehe naandika jina la wimbo wanaoutaka, nawasomea, napiga huo huo, hata uwe unakwaruza namna gani, na kumchagulia mtu furaha yake sitarudia tena maishani. Yule wa pikipiki nilimpa nakala ili aniache. Sasa wimbo wa sita unapigwa barabara yote mpaka Fizi, wanauita "bibi arusi, pisha", wakiniona wanaongeza sauti, na mimi, niliyetamani miaka yote hiyo mtu mmoja tu aupende, nageuza uso.