Sentensi ya Mke Wangu Ubaoni

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, Korogwe, na sipendi mtu anayetumia neno moja kwa kila jambo. Mtu anampenda mama yake, anapenda chai, anapenda timu yake ya mpira, yote "love" tu. Kwa hiyo kila mwaka kidato cha pili wakifika kwenye visawe, mimi huacha kitabu. Naandika ubaoni: love, adore, cherish, treasure, value. Nawaambia "value" ni kuujua ubora wa kitu, "cherish" ni kukishika kwa uangalifu kama yai, na "treasure" ni kukiweka mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Nilikuwa najivunia sana somo hilo.

Mke wangu aliishia darasa la saba huko kwao Mazingara, Handeni. Ana genge la nyanya na mchicha mbele ya nyumba yetu. Sikujua kwamba jioni nikienda kuoga alikuwa anafungua madaftari niliyokuja nayo kusahihisha na kunakili maneno. Nilijua siku aliponitumia ujumbe kazini, saa nne asubuhi: "My husband, I cherish you. I treasure you every day."

Nilifurahi. Hilo nataka lijulikane, maana baadaye hakuna aliyeniamini. Niliusoma mara tatu pale ofisini, chai ikapoa. Kisha kengele ikalia, nikaingia darasani simu ikiwa mkononi. Somo lenyewe bado lilikuwa visawe, na mfano niliouandaa ulikuwa umepooza. Nikaunakili ujumbe wake ubaoni.

"Nani kakutumia, sir?" akauliza mmoja wa nyuma.

Ningeweza kusema ni mfano tu. Lakini nilitaka wacheke, na huo ni ugonjwa wetu walimu wengi. Nikasema, "Mama mmoja wa genge. Siku hizi kawa Mzungu."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao.

Jioni ile binti wa jirani, mwanafunzi wangu, alienda gengeni kununua nyanya, akamwambia mke wangu kwa utani, "Mama, I cherish you." Mke wangu akamuuliza kajifunzia wapi. Akaambiwa yote, mpaka kicheko. Niliporudi nyumbani nilikuta genge limefunikwa turubai. Yeye na mtoto wetu hawapo. Jirani ndiye aliyeniambia wamepanda gari la Segera.

Nilikasirika. Mke gani huyu anahama nyumba kwa ajili ya mzaha? Nikakaa wiki mbili nikila chipsi mayai za kibandani na kungoja arudi. Simu hapokei. Wiki ya tatu baba mkwe akaleta salamu: kama namtaka mke wangu, niende na mshenga, kama simtaki, niende na talaka. Siku hiyo hiyo nikamtafuta mshenga.

Kwetu mume hajitetei mwenyewe ukweni. Mshenga wangu, fundi cherehani aliyenipelekea posa miaka tisa iliyopita, ndiye mdomo wangu. Njiani alinifundisha. "Wewe kazi yako kuinamisha kichwa. Ukiulizwa, nitazame mimi." Tulipobadilisha gari Segera nilinunua machungwa ya kwenda nayo, na muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Mazingara walitukalisha mkekani. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti, mama mkwe na shangazi wa mke wangu kwenye mkeka wa pili, na mke wangu kando ya mlango, uso kaugeuzia nje. Mshenga alizungumza vizuri. Alisema ulimi hauna mfupa, kosa limetendeka, kijana amekiri, na mbuzi wa kuomba radhi tumemfunga hapo uani. Baba mkwe akaanza kutikisa kichwa kukubali. Nikapumua.

"Mimi mbuzi simtaki," mke wangu akasema.

Watu wote wakamgeukia.

"Baba, mnisamehe kwa kusema mbele yenu. Alichokisema huyu juu yangu alikisema mbele ya watoto wa watu, kwa mdomo wake. Hakutuma mshenga. Basi leo aseme mbele ya wazazi wangu kama ananipenda au hanipendi. Kwa mdomo wake. Akishindwa, mimi kwake sirudi."

Kwa asiyejua, nieleze. Mama mkwe nikikutana naye njiani nampisha na kutazama chini. Chakula sili mbele yake. Kwa miaka tisa sijawahi kutaja hata kitanda akiwa karibu. Kumtamkia mke wangu mapenzi huku mama yake ananisikiliza ni sawa na kuvua shati msikitini.

Mshenga akakohoa. "Mwanangu, hayo ni mambo ya chumbani..."

"Mzee wangu, nakuheshimu," mke wangu akamkatiza. "Lakini wewe hukuwepo darasani."

Nikamwangalia baba mkwe aniokoe, naye akaangalia bakora yake. Nikachagua njia ya mwoga. Nikasema kwa Kiingereza, haraka haraka, macho chini, "I love and cherish my wife."

Shangazi akapiga kofi moja. "Hee! Hicho ni cha kwenu huko Korogwe. Hapa nani kakusikia? Sema tusikie!"

Nikapandwa na hasira tena, hasira ya mtu aliyekamatwa. Kisha nikamwona mke wangu anajifunga kanga vizuri, kama mtu anayetaka kuinuka. Nilijua akiinuka, imekwisha.

"Nampenda mke wangu," nikasema. "Namthamini. Alichoniandikia hakuna mtu aliyewahi kuniandikia, nami nikakitoa ili watoto wanichekee. Nilimwonea haya kwa sababu ya genge, na genge hilo ndilo linalotulisha mshahara ukichelewa. Mke wangu, nisamehe."

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga, akainuka, akatokea mlango wa nyuma. Mshenga alikuwa amejishika paji la uso. Nikadhani sasa nimepoteza mke na ukwe kwa pamoja. Mke wangu akamgeukia baba yake.

"Nitarudi naye," akasema.

Amerudi. Genge lipo, mtoto anakwenda shule, na majirani wanasema wale wamepatana. Lakini ujumbe anaonitumia sasa ni wa mahitaji tu: pitia unga, gesi imekwisha, mtoto ana homa. Mimi ndiye ninayeandika yale mengine, asubuhi nikifika kazini, na ninaona kwamba ameyasoma. Hajibu.

Wiki iliyopita nilimkuta gengeni peke yake, hakuna mteja, anapanga nyanya mafungu mafungu. Nikainama karibu na sikio lake nikamwambia, "Nakupenda, mke wangu."

Hakuacha kupanga.

"Sema polepole, mwalimu," akaniambia. "Wanafunzi wanaandika."