Mawese Kwenye Frihwili

Baiskeli ya mume wangu ilikuwa inapiga kelele, nami nilikuwa na mimba ya miezi minane, sina uvumilivu hata wa kusikia kuku. Kwii, kwii, kwii, mteremko mzima kutoka shuleni. Sote tulikuwa walimu kijiji cha Kagerankanda, Kigoma. Yeye Muha wa huko huko, mimi nimepangiwa kutoka Dodoma. Nilimwambia ama alinyamazishe hilo dude, ama aliuze.

Kumbe hakuwa anahangaikia masikio yangu. Muuguzi wa zahanati alikuwa ametuambia kwamba mtoto amelala kwa kukingama tumboni, nisithubutu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza tu, twende hospitali, Kasulu mjini. Miaka ile ya tisini magari yaliyopita kwetu yalikuwa ya kwenda kambi za wakimbizi, yamejaa, hayasimami. Gari letu lilikuwa hiyo baiskeli. Aliogopa isije ikakatika kitu nikiwa juu yake.

Akaanza kuisaka kelele. Alikaza madigadi. Alifunga keria kwa mpira. Alifungua pedeli akazirudisha. Alinipandisha nyuma, akaisukuma taratibu huku ameinamisha sikio kwenye spoki, na watoto wa shule wakatucheka. Mwishowe akagundua kwamba inalia pale tu miguu inapotulia mteremkoni. Basi ilikuwa frihwili, lile gurudumu dogo la meno la nyuma linalokuruhusu kupumzisha miguu baiskeli ikiendelea kwenda.

Frihwili mpya haikupatikana. Hata Kibondo, alikokwenda kwenye kikao cha walimu, aliulizia akarudi mikono mitupu. Oili nayo haikuwepo. Akafanya walivyofanya wote pale: alichukua mawese jikoni kwangu, akailaza baiskeli kwenye jua la mchana, akadondoshea humo mpaka yakafurika. Alipoijaribu, kimya. Nilimsifu, nikacheka, nikampikia samaki, migebuka.

Uchungu ulinishika alfajiri, baridi ya Julai ikiwa imekaza. Tuliteremka vizuri hadi mtoni. Tulipoanza kupanda upande wa pili, pedeli zikazunguka bure. Alikanyaga tena, na tena, mnyororo ukazunguka, tairi halina habari. Ndani ya frihwili kuna vijino vinavyofyatuka na kulishika gurudumu. Mawese yalikuwa yameganda, yamevilaza. Msimu ule kila asubuhi mimi nilikuwa nayachota mawese kwa kijiko, yamekuwa magumu kama samli. Hakuna aliyeikumbuka baiskeli.

Akashuka akaanza kusukuma. Nilimtukana. Nilimtukana yeye, ukoo wake na michikichi yote ya Kigoma. Alisukuma akihema. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda shambani alitukuta tumekwama, akatupa jembe lake majanini, akaweka mikono mgongoni mwangu.

"Ihangane, mwana wanje," alisema kwa Kiha, yaani vumilia, mwanangu. "Mwalimu, shika usukani, mimi nasukuma huku."

Alitufikisha juu. Hapo ndipo nilipoikumbuka chupa ya chai ya moto tuliyobeba kwa ajili ya hospitali. Nilijishusha, nikapiga magoti barabarani, nikaimimina yote kwenye frihwili huku nikilia kwa sauti. Mume wangu alizungusha pedeli kwa mkono. Ikashika.

Alikanyaga kama mwendawazimu. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, na kwenye vilima vya mwisho nilianza kumwuliza mtoto kimoyomoyo, mbona umetulia? Nilijipapasa tumbo. Sikumwambia mume wangu, kwa sababu nilijua angesimama.

Nilipasuliwa. Alikuwa wa kike. Walimfunga kwenye kitenge changu, ndugu zake mume wangu wakaja wakamzika, mimi nikiwa bado kitandani.

Siku ya kuruhusiwa, mume wangu alikuwa ananingoja getini na baiskeli. Alikuwa ameiosha frihwili kwa mafuta ya taa, na inalia kama zamani. Tulikuwa hatujazungumza lolote. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, makali, nimeyapanga kitandani siku zote zile. Nikamwangalia macho. Yalikuwa yamevimba kuliko yangu.

"Panda, mwalimu," alisema. "Nitaendesha polepole."

Nikapanda. Nikamshika kiunoni kwa mikono yote miwili, maana baiskeli haikuwa na kitu kingine cha kushika.