Siku Bibi Alipopiga Simu Redioni

Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni hapa Dodoma mjini, kichwa nusu kimesukwa, redio ikaanza kile kimuziki cha kipindi cha mjadala. Msusi akanyoosha mkono abadilishe stesheni. Nikamwomba aache. Wewe uliyekulia kwenye nyumba ya redio moja utanielewa.

Kwetu, karibu na mashamba ya zabibu ya Makutupora, saa nne asubuhi ya Jumamosi ilikuwa saa ya bibi yangu. Kufikia hapo mlenda uwe umeshaanikwa, uwele umeshapepetwa, na betri zimeshalazwa juani zipate nguvu. Utaratibu wa kipindi tuliujua kama ibada. Mtangazaji anataja mada, kisha wageni wawili wa studio wanavutana nusu saa, na bibi anawajibu mmoja mmoja huku akichambua kunde, utadhani wameketi naye uani. Mwisho simu zinafunguliwa. Bibi alikuwa na msemo wake: "Anayesema peke yake hakosei kamwe." Ndiyo maana alimpenda yule mtangazaji. Hakumwacha mtu aseme peke yake.

Mwaka ule pampu mpya ya kijiji ilikuwa imekufa tangu mavuno. Tulifukua mchanga korongoni tukasubiri maji yajichuje, tukarudi na ndoo zenye tope. Basi siku hiyo mada ikawa maji vijijini. Mgeni mmoja, sauti ya mtu aliyeshiba, akasema wanavijiji huharibu pampu wenyewe, halafu hukaa kulalamika.

Bibi akaweka ungo chini. "Nipigieni simu."

Mwenye simu alikuwa mama jirani. Alipiga, ikakata, akapiga tena na tena mpaka ikaingia.

"Karibu mama, unazungumza kutoka wapi?"

Bibi akaanza kuamkia kwa Kigogo. Mbukwenyi kwa mtangazaji, mbukwenyi kwa wageni, kwa fundi mitambo, kwa wote wanaosikiliza.

"Mama, punguza sauti ya redio yako, uje kwenye mada."

Nikaipunguza mimi.

"Hatukuharibu," bibi akasema. "Kilikatika chuma kimoja tu. Sisi wanawake tuliomba barua iende wilayani, tukaambiwa imekwenda. Mbona haifiki? Imepanda punda gani hiyo barua?"

Studio nzima ikaangua kicheko. Mtangazaji akasema muda umewatupa mkono.

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, mwenyekiti wa kijiji akaingia uani amevimba.

"Shikamoo mama. Umenidhalilisha mbele ya nchi nzima."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mimi sikutaja jina la mtu?"

Akamsogezea kigoda, akampa uji wa uwele. Mwenyekiti akanywa. Bakuli lilipokwisha akasema, macho chini, kwamba barua hakuwahi kuiandika. Aliogopa kuulizwa kwa nini pampu mpya imekufa mapema. Bibi hakumgombeza. Waliiandika pale pale, kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari langu, na kabla ya mvua za kwanza fundi alifika, maji yakatoka.

Ningependa kuishia hapo. Lakini shuleni wenzangu walikuwa wamesikia kipindi, wakaigiza Kiswahili cha bibi, kile chenye Kigogo ndani yake, mpaka nikalia. Nikarudi nyumbani nikamwambia, "Bibi, usipige tena. Wananicheka."

Alinitazama kidogo. "Haya, mjukuu wangu."

Aliendelea kusikiliza kila Jumamosi na kuwajibu wageni pale uani. Simu hakuiomba tena, hata siku ambazo alikuwa na mengi ya kusema kuliko wote waliokuwa studioni.

Sasa mabomba yamefika, uani kwetu pamepimwa viwanja, na bibi ametangulia. Kipindi bado kipo. Wasikilizaji hutuma ujumbe, mtangazaji akausoma haraka haraka kwa sauti yake mwenyewe, ikawa kama nchi nzima imezaliwa na mama mmoja. Mwaka juzi nilikwenda redioni kuuliza kama walihifadhi vipindi vya zamani. Dada wa mapokezi alinijibu kwa upole kwamba kanda zile zilifutwa, zikarekodiwa mambo mengine.

Dakika chache tu bibi alizungumza na nchi, na nchi ilikuwa inamsikiliza. Aliyemnyamazisha ni mimi.