Homa Niliyoifuata Handeni

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya swali nililoshindwa kulijibu. Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na shahada ya uzamivu, niliyoipata kwa kuchunguza vimelea vya homa katika damu ya panya, na macho yangu yalikuwa bado hayajazoea mwanga wa nyumbani. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wenye shahada kama yangu tulikuwa wachache, na nafasi za kujiendeleza baada yake zilikuwa chache zaidi. Ndipo ukaja ufadhili wa miaka miwili katika maabara kubwa ya Ulaya, kwa mtu mmoja tu. Tuliouomba tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu Joramu.

Mkuu wa idara yetu alisoma maombi yangu, akavua miwani.

"Umeandika kwamba ukimaliza mafunzo hayo utarudi kuwatumikia wagonjwa wa homa ya papasi. Umepata kumwona hata mmoja?"

"Nimewasoma," nikasema.

"Basi nenda Handeni ukawaone. Kamati ya ufadhili haitakaa mpaka mwisho wa mwezi."

Jioni nilipanda treni, na hadubini ya idara ndani ya sanduku la mbao miguuni pangu. Ilikuwa ya aina isiyohitaji umeme. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake cha kunasa mwanga wa jua. Nililala nimeegemea dirisha. Kila treni iliposimama nilisikia majina ya stesheni yakiitwa gizani, na sikujua kama nayasikia kweli au nayaota.

Alfajiri tuliingia Korogwe. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya mto, na milima ya Usambara ilining'inia angani bila miguu. Mama mmoja muuza uji alinisalimu kwa Kishambaa, "Onga makeo," nami, binti wa Bukoba, nikamjibu kwa tabasamu tu. Nilikunywa uji wake nikitazama mashamba ya katani yakijitokeza taratibu kutoka kwenye weupe, mstari baada ya mstari, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akiyachora muda ule ule.

Kutoka Korogwe nilipata lori la chama cha ushirika lililokuwa linapeleka mbegu za mahindi Handeni. Niliketi juu ya magunia. Jua lilipanda, vumbi jekundu likatufuata kama mkia. Mahali fulani, kwenye nyika isiyo na nyumba, dereva alisimama kumpakia mwanamke wa Kimasai mwenye kibuyu cha maziwa. Mitetemo ilipozidi aliweka mkono wake juu ya sanduku langu kulizuia lisianguke. Tulipofika Handeni aliteremka, akapotea sokoni kabla sijamshukuru.

Kesho yake mchana nilifika Mazingara. Nyumba za kijiji kipya zilikuwa zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, lakini watu wengi walikuwa wamehama na miti ya kujengea, milango na hata vitanda vya zamani, na papasi walikuwa wamehama nao. Hao ni kupe wadogo wajifichao katika nyufa za sakafu ya udongo. Mmoja akikuuma, homa huja, ikakuacha ukadhani umepona, kisha ikakurudia.

Mwenyekiti wa kijiji alinipeleka nyumbani kwa Mama Zaina, mkuu wa kikundi cha kina mama. Bintiye Zaina alikuwa mjamzito, amekuja kujifungulia kwao. Mumewe alikuwa mkata katani huko Mazinde. Mama Zaina alinikaribisha kwa mikono miwili, akanipikia bada, ugali wa muhogo, na mlenda, na jioni nzima tulicheka kwa namna nilivyokuwa nikilitamka jina la kijiji chao.

Lakini kijijini hakuna aliyekubali kutoa damu. Neno lilikuwa limeenea kwamba mimi ni mumiani, yaani mmoja wa wale wanaosemekana huiba damu za watu na kuziuza. Watoto walinikimbia. Kwa siku kadhaa nilitembea kati ya mistari ile ya nyumba, milango ikifungwa polepole mbele yangu, kama mtu anayepita katika ndoto ya mwingine.

Asubuhi moja nilimkuta Zaina amejikunyata uani, anatetemeka chini ya jua kali.

"Ilimwacha wiki iliyopita," alisema Mama Zaina. "Tukashukuru. Sasa imerudi. Na mimba ya kwanza ilitoka kwa homa ya namna hii hii."

"Amepewa dawa?"

"Kwenye zahanati wamempa za malaria. Amezimeza zote."

Nikaomba tone moja la damu. Baba yake, Mzee Mgaza, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Damu ya mwanangu ikaende Dar es Salaam ikafanye nini?"

"Haiendi kokote, baba. Tutaitazama hapa hapa, na wewe utaitazama."

Nilipindua kinu cha Mama Zaina, nikaweka hadubini juu yake, nikageuza kioo mpaka kikanasa jua. Nilijichoma kidole changu kwanza. Mzee aliinama, akafumba jicho moja, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Kumbe ndivyo tulivyo ndani," alinong'ona. "Kama choroko zilizomwagika." Akageuka kwa bintiye. "Mpe kidole, mama."

Niliweka tone la Zaina, nikalenga. Mwanzoni niliona chembe za damu tu, zimetulia. Halafu zikatikisika, kama nyasi anapopita mnyama usiyemwona. Ndipo nikawaona: nyuzi nyembamba zilizojiviringa, hai, zikijinyonganyonga kupita katikati ya chembe. Miaka yote nilikuwa nimewaona kwenye vipande vya kioo vya maabara, wamekufa, wamepakwa rangi. Sasa walikuwa wakiogelea ndani ya mwanga wa Mazingara, na mimi nilisahau nilipo.

"Mbona unacheka?" Mama Zaina aliuliza.

Nikainua uso. Zaina alikuwa ananitazama, meno yakigongana.

"Nimeuona ugonjwa," nikasema. "Si malaria. Ni homa ya papasi, na ina dawa."

"Alhamdulillahi! Basi mpe, daktari."

Nikasimama pale na hadubini yangu. "Mama, sina. Nami si daktari wa kutibu. Nimesomea kuvitazama vijidudu tu."

Hakuna aliyenikaripia. Mzee Mgaza alivaa kofia yake, akaenda moja kwa moja kwenye shamba la kijiji, ambako trekta pekee lilikuwa linalima kuwahi mvua. Nilimfuata. Mwenyekiti alimsikiliza, akatazama mawingu yaliyokuwa yanakusanyika, akatazama ardhi ambayo haijaguswa.

"Funga tela," akamwambia dereva. "Shamba litalimwa kesho."

Tulimlaza Zaina juu ya majani makavu, kichwa chake mapajani mwa mama yake. Njia ya Handeni sijawahi kuiona ndefu vile. Trekta liliunguruma kwa sauti moja tu, nyika ikapita taratibu, vichaka, ng'ombe, vichaka tena. Zaina aliweweseka, akamwita mumewe, akamwambia asikate katani leo, aje waende kuoga mtoni. Mama yake alimjibu kwa Kizigua kila neno, kana kwamba yeye ndiye huyo mume. Mimi nilimshika kifundo cha mkono nikisikiliza mapigo, bila kujua niyafanyie nini.

Alasiri tulifika hospitali ya Handeni. Daktari, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alinisikiliza, akatazama damu kwa macho yake mwenyewe, akaagiza sindano ya penisilini.

"Atazidiwa kwanza," akatuambia. "Vijidudu vinapokufa humtikisa mgonjwa. Msiogope."

Tuliogopa. Kabla ya magharibi Zaina alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Kisha jasho likamtoka, akalala. Asubuhi alifumbua macho, akaweka mkono juu ya tumbo lake, akasikiliza.

"Anacheza," alisema.

Nilirudi kwa njia ile ile: lori, Korogwe, treni. Nilifika mjini nikiwa na vumbi la Handeni bado nyweleni, na siku ya kamati nikaingia katika chumba chenye feni na mazulia.

"Ukipewa nafasi hii, utajifunza nini?" mwenyekiti wao aliuliza.

Nilikuwa nimekariri jibu zuri. Likanitoka lingine. "Kwanza nataka kujifunza wodini, kando ya wagonjwa wenyewe. Handeni, msimu huu wote wa mvua. Ulaya naomba iningoje."

Walitazamana. "Ulaya haingoji mtu, binti. Atakwenda mwenzako."

"Naelewa."

Mmoja wao alikohoa. "Lipo fungu la fedha la mafunzo ya hapa nchini kwa wenye uzamivu. Ni dogo. Halijawahi kuombwa na mtu."

"Basi naliomba mimi," nikasema.

Nilimsindikiza Joramu uwanja wa ndege. Sitasema sikuumia; ndege ilipopaa nilisimama pale mpaka macho yakauma. Nafasi ya Ulaya nilikuja kuipata baadaye, na nikaenda nikijua ninachokitafuta. Lakini nikiulizwa mafunzo yangu baada ya shahada yalianzia wapi, huwataja manesi wa Handeni walionifundisha kuchoma sindano, kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, na kumtazama usoni kabla sijaitazama damu yake.

Siku niliporipoti hospitali ya Handeni, mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye benchi la barazani nilimkuta Mama Zaina amejifunika kanga.

"Umerudi kutazama tena?"

"Nimerudi kujifunza kutibu, mama."

Alisogea kunipisha. "Basi kaa. Mwenzio Zaina yuko ndani, uchungu umemshika tangu alfajiri."

Nikaketi. Maji yalimiminika kutoka kwenye bati, ua wote ukawa mweupe, na hatukuweza kuona hata lango. Kabla ya adhuhuri tukasikia mtoto analia. Mama Zaina alinishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma, na hakuuachia.